Uvimbe Una Ngeli Yake

Mama yangu alikuwa mtu pekee Kampala nzima aliyewahi kumsahihisha askari kizuizini. Yule kijana alimwelekezea bunduki akasema, "Mama, simama! Fungua kikapu yako!" Mama akamjibu, "Kikapu chako, mwanangu. Chako." Mimi pembeni nilikufa, nikazikwa, nikasomewa na arobaini, yote hayo kabla askari hajacheka na kutupungia mkono tupite.

Ukoo wetu ulikuja kutoka pwani zamani za biashara ya misafara, na tulikuwa tumeuza vitambaa Kawempe vizazi kadhaa, lakini mama alizungumza kana kwamba ametoka Mombasa jana asubuhi. Kwake, aliyekosea ngeli alikuwa amekosea na mengine. Zaidi ya yote alikichukia Kiswahili cha kambini, cha "wewe nakuja" na "hapana sumbua." Hapo alikuwa na haki yake. Miaka ile ndicho kilichogonga milango ya watu, na kikishagonga, baba wa nyumba haonekani tena.

Basi titi lake la kushoto likaota uvimbe. Aliuficha chini ya leso mpaka nilipomwona anashindwa kuinua sufuria. Nikampeleka hospitali kubwa. Wakati huo nchi ilikuwa na upungufu wa sukari, sabuni, chumvi na madaktari. Hotuba za redioni tu ndizo zilizotosha, na za akiba zilikuwepo. Madaktari wengi walikuwa wamegundua ghafla kwamba hali ya hewa ya Nairobi inawafaa zaidi. Aliyebaki alikuwa kijana wa kaskazini, mtoto wa polisi, aliyekulia kambini na kunyonya Kiswahili cha hukohuko.

Alimpima kwa upole, akatazama majibu ya damu, akasema, "Mama, hii uvimbe yako iko mubaya. Sisi natoa. Lakini damu yako iko kidogo, kwanza sisi naongeza."

Mama akafunga vifungo vya gauni mpaka cha shingoni.

"Umemsikia?" akaniambia nje. "'Sisi natoa.' Wanaotoa watu majumbani nao husema hivyohivyo. Hapa sirudi."

"Lakini mama, ukikaa nao utakuua."

"Nyamaza, msomi wa taa."

Aliniita hivyo kwa sababu nilikuwa nasoma shule ya jioni. Mwalimu wetu wa sayansi alikuwa ametufundisha oksijeni kwa chaki tupu, kwani vifaa vyote vya maabara vilikuwa vimehamia kusikojulikana, nami baada ya somo hilo moja nilijihesabu profesa kamili. Hata hivyo uprofesa wangu haukufua dafu mama aliposikia habari za tabibu wa hewa wa mtaa wa maduka wa Kikuubo.

Huyu zamani aliuza ubani na miswaki. Wahindi walipofukuzwa na maduka yao kugawiwa, yeye akaangukia duka la vifaa vya kuchomelea vyuma, pamoja na mitungi ya oksijeni imejipanga ukutani kama gwaride. Mwingine angetafuta fundi. Yeye alitafuta wagonjwa. Ila alikuwa mtu wa pwani, na alipofungua kinywa, lo!

"Karibu, mama yangu, upumzike. Uvimbe wako umekosa hewa, ndiyo maana umekuwa mkaidi. Tutaulisha hewa, nao utalainika, utayeyuka, utasahaulika."

Mama alinishika mkono, machozi yanamlengalenga. "Umekosa, umekuwa, utalainika! Hakuteleza hata mara moja!"

Akalipwa kwa sukari ya magendo, matibabu yakaanza. Mama aliketi kwenye benchi, faneli puani, mpira ukitoka kwenye faneli hadi mtungini, na tabibu, ambaye mama alishaanza kumwita ustadhi, akizungusha koki huku akimwambia, "Vuta taratibu, bibi yangu, hewa haina haraka." Mama alitoka pale anang'aa. Alirudi Kawempe kwa miguu, akiwasahihisha wauza ndizi njia nzima. Majirani walisema amerudia usichana. Mimi naongeza kwamba angeweza kumbeba ng'ombe. Uvimbe kwa upande wake haukuwa na habari na sarufi. Uliendelea kukua.

Nilimwambia. Akasema nina wivu.

Asubuhi moja, mama akiwa na faneli yake puani, wakaingia wanajeshi kutoka kambi ya Mbuya. Gari la mkubwa wao lilikuwa limekatika chuma.

"Lete mutungi ya oksijeni! Gari ya mukubwa nangoja!"

Mmoja akafungua koki. Kimya. Akafungua mtungi wa pili, wa tatu, akaigonga kwa spana, nayo ikalia kama ngoma. Hewa ilikuwa imekwisha zamani, labda tangu mwenye duka wa kwanza alipopanda ndege.

"Wote iko tupu!" akapiga kelele. Kisha akamtazama mama. "Sasa hii mama navuta nini?"

Wote wakamgeukia ustadhi. Kiswahili chote cha pwani kikamwagika sakafuni.

"Afande," akasema, "mimi hapana jua."

Askari walicheka mpaka wakashikana mabega. Mama hakucheka. Alivua faneli, akaiweka benchini polepole, akajitanda leso.

"Twende," akaniambia. "Kule."

Yule daktari kijana hakuuliza alikuwa wapi. Mama ndiye aliyeuliza. "Niambie kweli. Uvimbe umekosa hewa, au huo nao ulikuwa uongo?"

"Iko kweli, mama. Ndani ya uvimbe hewa nafika kidogo. Pahali hewa iko kidogo, uvimbe nakuwa kichwa ngumu, hata dawa nashindwa. Lakini hapana tibu na mpira kwa pua. Hewa nabebwa na damu, na damu yako iko kidogo."

Profesa mimi nikatikisa kichwa kukubali, kana kwamba yeye ndiye anayefanya mtihani.

"Na majani yangu ninayokula? Mafuta ya kusugua? Dua zangu?"

"Yote fanya. Kutembea pia, mimi napenda. Lakini pamoja na kisu. Hapana mahali ya kisu."

"Badala ya kisu," mama akasema.

"Badala ya kisu," akarudia.

"Na nitapona?"

Daktari akatazama mikono yake. "Mimi hapana jua."

Yalikuwa maneno yaleyale ya ustadhi, kosa kwa kosa. Mama alimkazia macho kijana wa watu kwa muda mrefu, na yeye hakuyakwepa.

"Sema 'sijui'," mama akamwambia.

"Sijui, mama."

"Haya. Kata."

Wakanitoa damu, ndoo mbili hivi, wakamwongezea, wakakata. Kila alipoenda kubadilishiwa bendeji alimsomesha daktari ngeli moja, naye alizikariri akiwa ameshika mkasi. Kisha siku moja tukakuta kiti cha daktari kitupu. Hakuna aliyejua ni Nairobi au ni mlango uliogongwa. Mama hakula vizuri majuma mengi, na safari hii haikuwa kwa ajili ya kidonda.

Mwishowe akaja mchuuzi wa Kikuubo, Muganda aliyekuwa akivuka mpaka kutafuta sabuni. "Mama, dakitali yako iko Nairobi, iko mzima. Yeye nasema, uvimbe yako hapana ludi."

Mama akanyanyuka. "Hakusema hivyo."

"Yeye nasema hivyo, mama! Mimi nasikia na masikio yangu!"

"Daktari wangu haahidi asilolijua. Aliomba: uvimbe wako usirudi. Rudia."

Mchuuzi akanitazama aokolewe. Nikatazama dari.

"Uvimbe wako... usiludi."

Mama akaweka mkono upande wa kushoto wa gauni, pale palipokuwa bapa, akafumba macho kidogo.

"Hiyo l nimekusamehe," akasema, akaenda kumpikia chai. Sukari haikuwepo.