Mwenzangu alitwanga kichocheo cha project, fundi wa watu akaishia zahanati

Wakuu, salama? Haya yametukuta kweli, sijaongeza chumvi. Hasira bado ninazo, mnivumilie.

Mimi na Gervas tunamaliza chuo hapa Dodoma. Project yetu ni kupitisha gesi ya salfa, ile inayonuka kama kiberiti, pamoja na hewa kwenye bomba dogo la chuma linalopashwa moto mkali kwa umeme. Ndani tumejaza punje za kichocheo (catalyst), kinachoharakisha gesi kubadilika. Gesi ikipenya katikati ya punje inageuka, na hiyo ndiyo njia ya kupata asidi ya betri.

Feni ya kuvuta moshi maabara imekufa. Tukaomba kona mtaa wa Kizota, kwenye banda la fundi Ndahani, mchomeleaji, Mgogo mpole mno.

Wiki nzima bomba likikaribia kufika joto tunalotaka, umeme unakatika. Mnaoishi huku mnanielewa.

Siku umeme ulipotulia, nikafungua gesi. Haipiti! Nikaongeza kidogo. Mshale wa presha unapanda, upande wa pili kimya.

"Gervas, umegusa nini?"

"Nimezitwanga punje, kaka. Zikiwa ndogo, surface area, yaani eneo la kugusana na gesi, inakuwa kubwa. Si tulifundishwa?"

"Umezitwanga zikawaje?"

"Kama unga wa dona."

Wakuu, unga! Gesi ipite wapi?

Kabla sijafunga, mpira unaoleta gesi ukachomoka. Gesi ikajaa banda. Tukakimbilia nje, macho yanawaka.

Ndahani akatoka wa mwisho, ameshika kifua, hawezi hata kusema. Kumbe ana pumu. Hakuwahi kutuambia, na sisi hatukuuliza.

Tukampakia kwenye bajaji. Njia nzima najiambia, huyu mzee akifa, digrii itanisaidia nini?

Zahanati wakamvika mask ya dawa. Taratibu pumzi ikarudi. Nikakaa kwenye benchi.

Gervas akaniinamia sikioni. "Kaka, tukitwanga nusu tu je?"

Kumbe mzee amesikia.

Ndahani akaivua mask mwenyewe. "Mtatwanga kwenu," akasema, akairudisha.

Kesho yake tulihamisha bomba letu. Sasa tunasubiri feni ya chuo itengenezwe, sijui lini.

Nilichojifunza: uwazi kati ya punje una kazi kama punje zenyewe. Na kabla hujawasha gesi karibu na mtu, muulize kifua chake kikoje.

Mliowahi kupangiwa mwenza wa hivi, mlimalizaje bila kupigana? Nawasikiliza.