Pikipiki ya Cheo Chake

Apolinaria ana miaka hamsini na mitatu, na kwa miaka kumi na tisa amekuwa akiwafundisha watu wa Ntalikwa kufuga nyuki. Wanamwita Mama Nyuki. Ofisini kwetu pikipiki hutolewa kwa cheo: afisa hupewa yenye injini kubwa, tarishi hupewa ndogo. Basi yeye, mtu wa kwenda porini kwenye mchanga, alipewa ile nzito, na Tobias, anayesambaza barua kwenye lami ya mjini, akapewa nyepesi. Hakuna aliyeliona kosa hilo, hata mimi niliyekuwa nikiwagawia mafuta.

Nyuki hawapendi mngurumo. Apolinaria huzima injini mbali na mizinga, kisha huikokota pikipiki kwa mikono, maana kuiacha barabarani ni kuiaga. Zamani halikuwa jambo. Siku hizi goti lake la kushoto limechoka. Agosti iliyopita mchanga ulimshinda, pikipiki ikamlalia mguuni. Alikaa chini yake tangu saa nne hadi adhuhuri, alipopita Koleta, mfugaji mmoja, na ndoo yake kichwani.

"Shikamoo, Mama Nyuki. Ndiyo umepumzika?"

"Marahaba. Nyanyua chuma hiki kwanza, utani baadaye."

Walijaribu mara tatu ndipo ikasimama.

Wiki iliyofuata mkuu wetu akamwandalia meza ofisini, akampa na barua ya kumhamishia hapo. Kwake ilikuwa huruma. Kwa Apolinaria ilikuwa na maana moja tu: hataiona tena mizinga. Aliisoma barua ile akiwa amesimama, kwa sababu kukaa na kuinuka kulimuuma.

"Nipe pikipiki ya Tobias," alisema.

"Ya tarishi? Mama, watu watasemaje?"

"Watasema. Ile naweza kuinyanyua peke yangu."

"Haina nguvu."

"Nguvu za nini, bosi? Nabeba kofia ya wavu na bomba la kufukizia nyuki. Hii kubwa inamaliza nguvu zake kujibeba yenyewe."

Tobias alikuwa mlangoni na barua zake. "Mama, tubadilishane hata sasa hivi! Na mie nionekane mheshimiwa."

Mkuu alikubali shingo upande, kwa mwezi mmoja wa majaribio. Mafuta niliyozoea kumpa Apolinaria kwa wiki yakawa yanamfikisha karibu wiki mbili. Mchangani alianguka mara mbili, na mara zote mbili akainyanyua mwenyewe, akajipangusa, akaendelea. Mwezi ulipokwisha nilimpelekea mkuu hesabu ya mafuta. Alitia saini bila kuinua macho, na ile meza akapewa mtu mwingine.

Goti halikupona. Jioni Apolinaria hurudi amechoka vilevile, ila amerudi kutoka kwenye mizinga. Akipita Itetemia, waendesha bodaboda humpigia kelele: "Mama Nyuki, wamekushusha cheo?" Mwanzoni alikuwa akisimama kuwaeleza habari za uzito na mchanga. Sasa huitikia tu, "Ndiyo, wanangu," akapita zake.