Springi Laini za Gari la Wagonjwa

Mke wangu Zipora alipanda gari la ushirika mara mbili tu.

Mara ya kwanza alipakata kibuyu cha maziwa. Mara ya pili nilimpakata mimi.

Nyie mnaobishana shokapu humu mtandaoni, tulieni. Sisi tulishabishana hayo mwaka sabini na nne, vijijini huku, njia ya Geita.

Msimu mzima tulikubali kukatwa kwenye pesa za pamba ili tupate gari la wagonjwa. Kalisti, meneja wa ushirika, akarudi na gari dogo jekundu, saluni, lililowahi kukimbia mashindano.

"Mgonjwa anataka mbio," akasema.

Mbio zilikuwepo. Ila gumu hilo! Likikanyaga jiwe, meno yanagongana.

Tukamwita Shaaban, fundi wa Nyasubi.

"Nikifunga springi laini tupu, kwenye kona litalala ubavu, kwenye mashimo litakwangua tumbo. Nikiacha hizi ngumu, mgonjwa atafika vipande vipande. Chagueni, wazee."

Tulibishana mpaka mate yakakauka. Mwisho tukakubaliana: springi laini, na shokapu kali za kuzituliza.

Kulijaribu je? Marehemu baba alikuwa anapima mkokoteni mpya kwa kibuyu cha maziwa. Nikasema tufanye vivyo hivyo, na akipakate mtu mwenye hali.

Zipora alikuwa mjamzito.

"Mama Tabu, ukimwaga tunakudai ng'ombe!" Shaaban akamtania.

"Na ukinimwaga mimi?"

Watu hoi kwa kicheko.

Gari likaondoka na vumbi lake, likarudi. Halikumwagika hata tone.

"Hata huyu wa tumboni kalala," Zipora akasema. Vigelegele!

Siku yake ikafika. Uchungu ukamshika, mtoto kakaa vibaya. Nikakimbilia kwa Kalisti.

Gari lipo uani, linang'aa. Kiti cha nyuma kimejaa kreti za bia.

"Shikamoo, Meneja. Zipora anakufa."

"Marahaba. Jilala, njia ya kwenu mawe matupu, utaniulia springi. Na mimi nina wageni wa mkoa."

"Springi tulichagua sisi!"

"Na mlichagua vizuri."

Akawasha, akaondoka.

Nikafunga ng'ombe kwenye mkokoteni. Kila jiwe, Zipora analia, "Mayu wee!" Njiani lile jekundu likatupita. Sikusikia hata chupa moja ikigonga mwenzake.

"Baba Tabu, si ndilo lile?"

"Ndilo."

Nikawachapa ng'ombe. Tulipoanza kuyaona mabati ya Geita, alikuwa ameshapoa. Yeye na mtoto wake tumboni.

Kesho yake gari likaja hospitali, tupu, limeoshwa. Kalisti kofia mkononi.

"Pole, ndugu yangu. Gari hili ni la wote. Tumrudishe kwa heshima."

Ningefanyaje? Jua kali, na maiti haingoji. Nikampakata. Mashimo yale yale, na kanga aliyofunikwa haikusogea hata kidogo.

Msibani watu wakamshukuru. "Meneja ana utu."

Nikasimama niseme. Wakanivuta shati: "Jilala, usilete siasa kwenye msiba."

Nimeileta. Na sijaacha mpaka leo.

Ndugu zangu, wakiwaiteni mchague springi, msipoteze siku kwa laini na ngumu. Ulizeni kwanza ufunguo utalala kwa nani.