Senene Walipoamua Fainali ya Rwamishenye

Watu wanaodai kwamba waliuona mpira wa mwisho wa Kagaruki ni wengi kuliko watu waliokuwepo uwanjani. Nimekutana na mmoja aliyezaliwa mwaka uliofuata, naye anasimulia vizuri kuliko wote. Mimi Datius, mtu wa Kishanda, Muleba, nilikuwa hatua moja kutoka kwa Kagaruki, maana ndiye niliyepewa kazi ya kumkaba. Nasema wazi kwamba sikuona kitu.

Kagaruki alikuwa mpima kahawa kwenye ghala moja pale Rwamishenye, Bukoba. Alikuwa mrefu kiasi kwamba akipita katikati ya migomba ulijua alipo kwa kuangalia majani yanayotikisika. Mpira wa kikapu alifundishwa na bruda mmoja wa misheni aliyeamini kwamba mchezo huo utawatoa vijana kwenye rubisi, pombe yetu ya ndizi. Haukuwatoa. Uliwaongezea kiu.

Mwaka 1963 fainali ilikuwa kati ya Bukoba na sisi wa Muleba, mechi tatu, anayeshinda mbili ndiye bingwa. Ya kwanza walitufunga kwao. Ya pili tuliwafunga kwetu, kwenye uwanja wa udongo, baada ya mvua, na madimbwi yote tulikuwa tunayajua kwa majina. Ya tatu ikapangwa Rwamishenye, jioni moja ya Novemba. Uhuru ulikuwa bado mbichi, na kila mtu aliongea kana kwamba kikombe kile kingetupeleka Umoja wa Mataifa.

Zikabaki sekunde chache. Muleba thelathini na moja, Bukoba thelathini. Mpira anao Kagaruki, na mimi nimesimama mbele yake nimetanua mikono. Hapo ndipo senene, panzi wetu wa kuliwa, waliposhuka, wengi, wakatua juu ya vichwa vyetu na kwenye nyasi zote zilizouzunguka uwanja.

Mgeni atauliza kwa nini hatukumaliza mchezo kwanza. Mgeni hajui kwamba senene hawamsubiri mtu. Watazamaji wote waligeuka wakainama. Aliyekuwa akiandika pointi alikwenda na ubao wake, akautumia kufunikia senene. Mwamuzi, Mwalimu Nathanael, Mlutheri mwenye msimamo asiyecheka hata kwenye harusi, alipuliza filimbi ya mwisho akiwa amepiga magoti majanini. Na mimi nilimwacha Kagaruki peke yake, nikavua soksi zangu nikazijaza. Siombi radhi. Walikuwa wanono.

Kila mtu alikubali kwamba Kagaruki aliutupa mpira kabla ya filimbi. Uliingia au haukuingia, hapo ndipo palipokuwa na kesi. Kamati ilikaa siku tatu, ikamla mbuzi wa zawadi, ikatangaza kwamba timu zote mbili zimeshinda. Nchi ilikuwa changa, na uamuzi wa namna hiyo ulipigiwa makofi.

Kagaruki akaoa mwaka uliofuata, akamchukua Kokugonza, binti wa kutoka Kagondo. Wakamzaa Klaudia na wenzake. Wakati wa ujamaa alichaguliwa balozi wa nyumba kumi, akaondolewa baada ya miezi minane, kwa sababu kila mkutano wa maendeleo aliumalizia kwenye fainali ya 1963. Hata kwenye foleni ya sabuni alikuwa akimkamata mtu mkono na kumuuliza swali lake.

Swali lilikuwa moja tu: "Baada ya kuutupa mpira, nilifanya nini?"

Mmoja alisema aliruka juu. Mwingine alisema alipiga ishara ya msalaba. Wapo walioapa kwamba walimbeba mabegani wao wenyewe. Kagaruki alikuwa akisikiliza mpaka mwisho, kisha anatikisa kichwa. "Hukuwepo," anasema, na anaondoka. Sisi tulidhani ni majivuno. Mimi mwenyewe nilikuwa nikimwambia kila mwaka kwamba mpira haukuingia na Muleba ndio mabingwa, ingawa nilichokiona siku ile ni soksi zangu.

Novemba 1984 tulikuwa nyumbani kwake, mimi na Ildefons na Buberwa, mashabiki wakubwa wa Bukoba. Sukari hakuna, mafuta ya taa hakuna, lakini senene walikuwepo. Kokugonza alileta sahani, akamkuta Ildefons akisimulia fainali, ameshafika pale Kagaruki anapobebwa mabegani.

"Waitu, Ildefons, muogope Mungu," alisema. "Baba Klaudia hakubebwa na mtu. Aliutupa mpira, hakungoja hata ufike. Alivua jezi papo hapo akakimbilia senene."

Kagaruki aliiweka bilauri chini.

"Uliona?"

"Niliona. Mimi sikuinama. Siku zile mwanamke anakamata, mume anakula; kwetu sisi ni mwiko. Nikajiuliza, niiname kwa faida ya nani?"

"Basi niambie, Mama Klaudia. Uliingia?"

Ndipo nilipoelewa, nikaona aibu. Mtu huyu hakuwa akijivuna. Miaka ishirini na moja alikuwa akimtafuta aliyeona kweli, kwa sababu na yeye hakujua kama uliingia.

"Haukuingia," alisema Kokugonza. "Uligonga chuma, ukadunda ukaja mpaka miguuni kwangu. Nikauokota. Wewe ukaja na jezi imejaa, ukanipa, ukasema nikakaange nile mwenyewe. Ndiyo sababu nilikubali posa yako. Ukachukua mpira ukaenda zako, hukuniuliza."

"Na miaka yote hii umenyamaza?"

"Uliwauliza wale waliokuwa wameinama."

Kisha Kagaruki akanigeukia. "Hongera, Datius. Mlishinda."

Nilikuwa nimelisubiri neno hilo tangu ujana wangu, na lilipofika liliniuma. Nilimwambia kwamba ningemkaba kama nilivyotumwa, asingeutupa kabisa. Hakunisikia. Alikuwa ameivuta sahani ya senene na kuiweka mbele ya mkewe, na anamvutia kigoda akae.

"Anza tena," alimwambia, "kuanzia mechi ya kwanza."

Akaanza, na sisi mashahidi wote tukanyamaza tumsikilize.