Pembe ya baba mdogo imegeuka mlio wa simu, sasa hatujui tuufute wimbo au tuuache

Habari za mchana wakuu. Hili siongezi chumvi, limetokea kwetu Suji, milimani Same, na bado linanichanganya.

Mdogo wangu Nakiete, mtoto wa baba mdogo, ni mwimbaji. Mimi ndiye naendesha kurasa zake mtandaoni.

Kwa muda mrefu tuliposti kama watu wanaorusha mawe gizani. "Wimbo mpya umetoka." "Tufuateni jamani."

Kimya.

Nikapata wazo. Baba mdogo ndiye mpuliza pembe ya msaragambo. Kwa msiojua, huku pembe ikilia kila nyumba inatoa mtu na jembe, kwenda kutengeneza mfereji au ndiva, lile bwawa letu la kumwagilia. Nikamwomba apulize mwanzoni mwa wimbo.

"Pembe hailizwi bure, we mtoto."

Nakiete akambembeleza, "Mara moja tu baba, na mimi nijulikane."

Akapuliza. Macho yake yalikuwa yanacheka.

Wakuu, klipu ilipaa! Wapare wa Dar wakaandika wamesikia harufu ya nyumbani. Safari hii tulijibu kila komenti, tukiuliza wewe mtoto wa nani, wa upande gani. Watu wakawa wanarudi. Nikajiona mtaalamu.

Bodaboda wa kijijini wakaifanya ile pembe mlio wa simu. Tukafurahi.

Halafu ikaja mvua kubwa. Asubuhi ukuta wa ndiva ukaanza kuvuja.

Baba mdogo akapanda juu ya jiwe, akapuliza. Ukungu umelala kwenye migomba, pembe inalia, hakuna mlango unaofunguka. Akapuliza tena. Jirani aliyekuwa anapita na maziwa akasimama.

"Shikamoo mzee. Kumbe ni wewe! Nilijua simu ya bodaboda."

Maji yale ndiyo maharage yetu ya kiangazi. Yakiondoka, yameondoka.

Nakiete akatoa simu, akaingia laivu. Hakuimba.

"Ndugu zangu mlio mbali, pembe ya leo si wimbo. Ndiva inapasuka. Wapigieni wa nyumbani."

Punde simu zikaanza kuita majumbani. Mama mmoja akaja mbio na jembe, analalamika, "Mwanangu ananigombeza kutoka Dar, eti nimelala na pembe inalia mlangoni kwangu!"

Tuliziba kwa mawe na udongo. Nusu ya maji ilibaki.

Hapa ndipo akili yangu inagoma. Mtandao ndio uliowaziba watu masikio, na mtandao huohuo ukawazibua. Niushukuru au niulaumu?

Nilichoambulia ni hiki. Msanii, jibu watu wako na uwajue, maana siku ya shida hao ndio watakaoamka. Ila sauti ambayo majirani zako wanaishi kwayo, kabla hujairusha jiulize: ikishazoeleka, nani ataitika?

Nakiete anataka tukate pembe, wimbo ubaki. Mashabiki wanasema bila pembe wimbo umekufa.

Baba mdogo hajatuambia tufute. Alikaa kizingitini anapangusa tope kwenye pembe, akatuuliza tu, "Na siku bando likiisha, nipulize nini?"

Nakiete alinitazama mimi. Mimi nawatazama ninyi, wakuu. Mngemjibuje?