Nilimsahihisha Mama Mpaka Akanyamaza

Admin, hii iweke bila jina, kikundi chetu cha waandishi hapa Kisumu ni kidogo na watu wana mdomo. Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na tisa, nafundisha Kiswahili shule ya upili, na kwa miaka mitatu nimekuwa nikijaribu kuandika hadithi kuhusu marehemu mama yangu. Ninalokuja kusema linanitia aibu, lakini siwezi kukaa nalo zaidi.

Kila Jumamosi mchana tunakutana kwenye ukumbi wa kanisa, watu saba hivi, na mzee mmoja aliyewahi kuwa mhariri anatusikiliza. Jumamosi moja tulikuja na zoezi alilotupa wiki iliyotangulia: tulete mtu ambaye msomaji atamsikia akiongea kabla hajaambiwa anafanana vipi. Mimi nikasoma kurasa zangu nne. Mama mwenye subira, mama mwenye hekima, mama aliyeuza mtama soko la Pap Onditi kwa jua na kwa mvua. Mzee akaniuliza polepole, "Mwalimu, huyu ni mama wa nani? Mbona anaweza kuwa wa mtu yeyote?" Nikacheka kwa mdomo tu.

Halafu akasoma Akinyi. Akinyi ni rafiki yangu wa miaka mingi, anauza mitumba soko la Kibuye, na ngeli za Kiswahili hazijui hata moja. Alisoma kurasa mbili kuhusu mwanamke anayepima mtama sokoni huku binti yake analia, ameachwa na mchumba harusi ikiwa karibu. Mwanamke haachi kupima. Anasema, "Kula kwanza. Hiyo kulia yako iko tu, haiendi mahali." Watu wakacheka, halafu mama mmoja akatoa leso akafuta macho.

Jamani, huyo alikuwa mama yangu. Binti ni mimi. Akinyi alikuwa amenisindikiza mpaka sokoni kwa mama siku ile, amekaa juu ya gunia pembeni, na maneno yale niliambiwa mimi. Hakuyaiba, aliniomba ruhusa mapema ya kuandika kuhusu mama, nikamwambia andika tu. Kilichonichoma ni kwamba mimi nilikuwa nimeyasahau. Miaka mitatu namtafuta mama yangu kwenye karatasi, kumbe yuko kwa kichwa cha Akinyi, anapima mtama. Nilimwonea wivu.

Mzee akamwambia aipeleke kwa watu fulani wanaokusanya hadithi za kitabu. Akinyi akanitumia kwa simu, kisha akanipigia, akaniita binti wa Nyakach kwa Kiluo kama kawaida yake. "Nyar Nyakach, wewe ni mwalimu. Nirekebishie. Kiswahili yangu ni ya soko, hao watu watanicheka."

Nilirekebisha. Sehemu za msimulizi zilihitaji kweli, sikatai. Lakini nilipofika kwa mdomo wa mama, nilijua kabisa kwamba hapo sipaswi kugusa. Mimi mwenyewe hufundisha darasani kwamba mhusika aongee kama alivyo. Nikagusa. Nikaandika, "Kula kwanza, mwanangu. Kilio chako hakitakufikisha popote." Nikaendelea hivyo, sentensi kwa sentensi, mpaka mama yangu akawa anaongea kama mimi. Na nilisikia raha, siwafichi. Akinyi alipoisoma alishika kifua, akasema, "Kumbe inaweza kuwa safi hivi," akaituma.

Wiki iliyopita walijibu. Hadithi wameipenda, ila lugha ya yule mama haijakaa sawa. Wamempa mpaka Ijumaa aitengeneze, la sivyo wanaiacha. Mimi nilielewa papo hapo kwamba ni yale maneno niliyoyasafisha mimi, nikangoja Akinyi anigeukie. Alikuja kwangu, akakaa, hata chai hakugusa. "Si nilikuambia? Hata umenisaidia, bado wamesikia ni Kiswahili ya soko. Hii kitu si ya watu kama mimi. Nirekebishie tena mara ya mwisho, uweke maneno makubwa. Wakikataa, naacha kuandika."

Nikamwambia sawa, acha niangalie.

Leo ni Jumatano. Ile nakala yake ya kwanza, kabla sijaigusa, bado iko kwa simu yangu, nzima, na makosa yake yote. Nikiirudisha, atauliza kwa nini niliharibu, na sina jibu zaidi ya wivu. Tena mama yangu ataingia kitabuni kwa mkono wa Akinyi, si wangu, na hilo bado linaniuma. Nikiweka hayo maneno makubwa, hakuna atakayejua milele, na Akinyi atarudi kwa mitumba yake akiamini kosa lilikuwa lake. Mara mbili nimemwandikia ukweli wote, mara mbili nimefuta.

Hivi sasa amenitumia ujumbe: "Umeshaweka?"

Nyinyi mnaonisoma, nimjibu nini?