Nilimwita Mwenzangu Radi

Kosa ni langu, niseme hapa hapa nisije nikazungukazunguka. Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Sumbawanga mjini, shule niliishia la saba. Nikikosea kuandika mnivumilie.

Tukiwa darasa la tano, kule kijijini Mpui, radi ilipiga mkaratusi nyuma ya darasa letu ikaua ng'ombe wa mwalimu. Huku kwetu radi ikipiga, watu wanauliza nani kaituma. Msichana mmoja, nimwite Edina, siku ile alikuwa ameondoka mapema, ana homa. Kesho yake nikasimama mbele ya darasa nikasema, "Mbona Edina alijua muda wa kukimbia?"

Nilitaka wacheke. Wakacheka. Labda nilimwonea wivu, maana alinishinda hesabu, ila sina hakika. Huenda natafuta tu sababu.

Akawa Radi. Akiingia darasani, tunajificha chini ya madawati. Akinywea kikombe cha uji, hakuna anayekigusa tena. Wengine waliongeza kwamba bibi yake anamfundisha uchawi; hayo sikuyasema mimi. Lakini aliyeanzisha ni mimi! Edina hakulia. Aliacha kuongea tu, mpaka tukamaliza shule.

Juzijuzi nilikuwa kliniki na mwanangu mdogo, benchi limejaa. Nilitaka kwenda chooni, nikamwomba dada wa pembeni anishikie mtoto. Akaficha mikono ndani ya kitenge.

"Mpe mwingine, dada. Mimi watoto wa watu siwashiki. Akiugua jioni watasema nini?"

Sauti ile! Nikamtazama vizuri, ni Edina. Wa kwake amelala mgongoni.

Nikamwinamia sikioni, nikamwambia mimi ni nani, na kwamba lile jina nililianzisha mimi, anisamehe.

"Najua ni wewe," alisema. "Wale wawili pale mwisho wa benchi tulisoma nao. Mpaka leo nikisogea wanawavuta watoto wao. Waambie na wao."

Nikawatazama. Walikuwa wanaongea habari za mbolea. Nesi akaita jina la mwanangu, nikainuka nikaenda. Nilifurahi kuitwa, Mungu anisamehe! Nilipotoka, Edina alikuwa amehamia benchi lingine, peke yake. Hakunitukana, nisimsingizie. Hata mfuko wake aliusogeza nipite.

Tangu siku ile situlii. Ugali naunguza, mume wangu ananiuliza nina nini, namjibu nimechoka. Mmoja wa wale wawili anakaa si mbali na kwangu. Nimeshaenda kwake mara kadhaa nikiwa nimejiandaa kabisa kumwambia. Nafika mlangoni, naomba chumvi, narudi.

Mzazi mwenzangu, mwanao akirudi kutoka shuleni anachekea jina la mwenzake, usicheke naye. Muulize nani kalianzisha. Na wewe uliyempa mtu jina baya, kalifute mbele ya wale wale waliokusikia. Mimi nilimchafua darasa zima likisikia, msamaha nikamwomba kwa kunong'ona.